Kidole Kwanza, Wimbo Baadaye

Saa tatu asubuhi, siku ya Jumapili, wimbo unapanda ngazi za Kliniki ya Mwangaza mtaani Donholm kabla waimbaji wenyewe hawajaonekana. Ni wanawake saba waliojifunga leso, na mmoja wao amebeba kikapu chenye chupa ya uji. Wamekuja kumchukua mkaza mwana wao aliyejifungua juzi.

Juu ya ngazi amesimama Kathini Ndete, meneja wa kliniki, amenyoosha mikono pande zote mbili kama golikipa anayengoja penalti.

"Shosho, tafadhali, bado kidogo!" anasema. "Kidole kwanza, wimbo baadaye."

"Kidole gani tena na mtoto ashazaliwa?" anauliza nyanya aliye mbele, na wenzake wanaangua kicheko.

Kathini anacheka nao, lakini mikono haiteremshi. Nyuma yake, muuguzi Jacklyne anamwekea mzazi kidole juu ya mashine ndogo nyeusi. Taa ya kijani inawaka. Hapo ndipo Kathini anapisha njia, naye anadakia wimbo kwa sauti ambayo, kwa heshima zote, hakuna kwaya ingeikubali.

Mgeni anaweza kudhani ni ubishi tu wa mtu wa ofisini. Sivyo. Mwaka huu wodi hii ya uzazi yenye vitanda sita ilikuwa karibu kufungwa, na sababu ilikuwa hizi nyimbo.

Kathini ana umri wa miaka 43. Alizaliwa Jericho, binti wa mchonga vinyago aliyetoka Ukambani na kupanga chumba mtaani humo. Aliingia kliniki hii miaka kumi na miwili iliyopita kama karani wa mapokezi. Alipanda cheo polepole kwa sababu, anavyosema mwenyewe, hakuna faili iliyowahi kupotea mikononi mwake.

"Enzi za makaratasi nilikuwa malkia," anasema. "Fomu, sahihi, muhuri, imeisha. Ukinipa muhuri na wino, hakuna wa kuniambia kitu."

Kisha bima ya afya ya serikali ikahamia kwenye kompyuta. Makaratasi yakatoka, mashine ya vidole ikaingia. Mama anayekuja kujifungua anaweka kidole anapolazwa, na anakiweka tena anaporuhusiwa kwenda nyumbani. Kimoja kikikosekana, kliniki hailipwi.

"Siku ya kwanza niliangalia ile skrini nikajiambia, Kathini, sasa umezeeka. Nilienda chooni nikalia. Halafu nikanawa uso nikarudi, kwa maana watu walikuwa kwa laini."

Akajiandikisha kwenye mafunzo ya mameneja wa kliniki ndogo, yanayofanyika kila Jumamosi katika ukumbi wa kanisa mjini. Mshahara wake ni shilingi 38,000 kwa mwezi, na ada ya kila mwezi ilikula karibu robo yake. Hakumwomba mwajiri hata senti. Alihofu angeambiwa kwamba kama hajui kazi, yuko atakayeijua.

Mwalimu alikuwa mzuri, lakini mifano yake yote ilihusu hospitali kubwa zenye idara za kompyuta na wataalamu wa hili na lile. Wanafunzi sita kutoka mitaa ya Eastlands, ambao idara yao ya kompyuta ni kijana wa saiba ya jirani anayekodisha intaneti, walibaki nje ya ukumbi wakiulizana. Ndipo mmoja wao, Matheka, meneja wa kliniki ya Jericho, akatoa wazo.

"Sisi Wakenya kila kitu ni chama," anasema Matheka. "Nikawaambia, tufanye chama. Lakini hatuchangi pesa. Kila mtu analeta kosa lake la mwezi."

Ndivyo ilivyo hadi leo. Alhamisi ya mwisho ya kila mwezi wanakutana kwenye hoteli moja karibu na soko la Jericho. Kila mmoja anaeleza kosa alilofanya kazini na jinsi alivyolirekebisha, au anavyoshindwa kulirekebisha. Anayekuja mikono mitupu ananunulia wote chai. Mwenye kosa dogo la kujikosha huzomewa mpaka atoe la kweli.

Yataka moyo, maana hao sita wanagombania wagonjwa wale wale. Mmoja wao, Norah, anasimamia kliniki iliyo ng'ambo ya barabara, mkabala na ya Kathini. Kutoka dirisha la ofisi moja unaona nani anaingia kwa mwenzako. Lakini wahenga walishasema, mficha uchi hazai, na hawa kazi yao ni uzazi.

Shida ilianza Februari. Akina mama ishirini walijifungua Mwangaza mwezi huo, na madai ya tisa yakakataliwa na mfumo. Daktari Tobias Okinyi, mwenye kliniki, hakupiga kelele. Alimwita Kathini ofisini akamwambia kwamba hali isipobadilika kufikia mwisho wa Juni, ghorofa ya juu itagawanywa iwe bedsita, vyumba kimoja kimoja vya kupangisha. Donholm wapangaji hawakosekani.

"Si ubaya," anasema Daktari Okinyi, mtu mrefu mwenye sauti ya taratibu. "Wauguzi wanataka kulipwa, na dawa hazijinunui. Huwezi kuzalisha watu bure mpaka ufunge mlango wa chini pia."

Kathini alilijua hilo. Lakini aliwajua pia wanaopanda zile ngazi. Wengi wanatoka mtaa wa mabanda wa Mukuru kwa Njenga, wake wa vibarua wa viwandani au vibarua wenyewe, na wanakuja kwa miguu. Wodi ikifungwa, wengine wangeishia kuzalia nyumbani.

"Kuna mmoja alifika akajifungulia hapo kwenye ngazi ya tatu," anasema, akinyoosha kidole. "Sasa huyo ukimwambia aende mbali zaidi, atafika wapi?"

Kila mtu alikuwa na mtu wa kulaumu. Jacklyne alilaumu intaneti. Karani wa mapokezi alilaumu mashine. Daktari alimlaumu karani. Kathini akakumbuka jambo moja alilosikia mafunzoni: ukitaka kujua kinachoharibika, toka ofisini, ufuate njia ya mgonjwa tangu anapoingia mpaka anapotoka. Mwezi Machi akavua koti la ofisi, akakaa kwenye benchi la wodini Jumamosi nzima na Jumapili yake.

Kulazwa hakukuwa na kasoro. Mama anafika na uchungu, anaingizwa ofisini kuweka kidole, anapanda juu. Kathini akaandika: sawa. Jumapili wakaja jamaa wa kumchukua.

Nani asiyejua mambo hayo? Mama wa mtoto wa kwanza hatoki hospitalini kama mtu aliyekuja kununua panadol. Shangazi na wakwe wanakuja, wimbo unaanzia mlangoni, mmoja anachukua mtoto, mwingine mkoba, na mzazi anasukumwa katikati kama bibi harusi. Mashine ya vidole ilikuwa chini, kwenye meza iliyo nyuma ya mlango wa ofisi. Msafara ulipita mlango huo ukiimba.

"Na unajua mimi nilikuwa wapi?" anauliza Kathini, akishika kichwa. "Nilikuwa pale pale, napiga makofi! Jacklyne ameshika ncha ya leso anacheza. Gari imetoka mpaka barabara ya Outer Ring ndio nikashtuka, haki ya Mungu, huyu mtu hajaweka kidole."

Jacklyne hakatai. "Madam, hao wamama wakianza kuimba, hata ukiwa na roho ya chuma utacheza tu," anasema. "Na mama ashaenda, utampata wapi? Simu iko kwa bwanake, na bwanake yuko job."

Muda wote huo walimsaka adui nje, na kumbe kikulacho ki nguoni mwako. Akina mama wasio na jamaa wa kuwachukua, wale walioondoka peke yao kimyakimya, madai yao yalikuwa yamelipwa yote. Kathini anasema hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Daktari alitaka wabandike tangazo kwamba kuimba ni marufuku.

"Nikamwambia, Daktari, ukiwafungia hao mdomo, mtoto wa pili watamzalia kwingine. Wimbo si kosa. Kosa ni letu, tumeweka mashine mahali ambapo furaha haipiti."

Mashine ikahamishwa ikapandishwa ghorofani, na sasa hata anayelazwa anaweka kidole huko huko. Siku ya kuondoka, Jacklyne anaipeleka hadi kitandani, na jamaa hawaingii wodini mpaka taa ya kijani iwake. Aprili hakuna dai hata moja lililokataliwa.

Hapa hadithi ingeweza kuisha kwa vigelegele. Haikuisha, kwa sababu ya Norah.

Katika mkutano wa chama wa Machi, Norah alikuwa ameeleza kwamba karibu nusu ya madai yake ya uzazi yanarudishwa na hajui kwa nini. Mkubwa wake ameanza kusema wodi haina faida. Kathini, ambaye dirishani mwake anaona mlango wa Norah, alikuwa akiwaona waimbaji wakitoka huko pia kila Jumapili. Jibu alikuwa nalo mkononi.

Alimweleza Daktari Okinyi. Naye akajibu kama mfanyabiashara yeyote angejibu: "Nyamaza tu. Huyo akifunga, wote watavuka barabara waje kwetu. Hujamwibia mtu."

Kathini akanyamaza. Mkutano wa Aprili alileta kosa la kusahau kuagiza glavu. Wenzake walimzomea, wakacheka, yakaisha. Norah hakucheka.

"Nilirudi nyumbani nikimwaza Norah," anasema, na sasa sauti yake imepungua. "Niliona aibu. Ile ya kulia chooni ilikuwa nafuu. Huyu mwanamke aliniambia shida yake bila kuficha, akiniamini, na mimi nampa hadithi ya glavu."

Mei, chai ilipoletwa na Matheka akauliza nani anaanza, Kathini alisimama. Akaeleza yote: nyimbo, mlango, mashine, kitanda.

"Umejua hii kitu tangu lini?" Norah akauliza.

"Tangu Machi."

"Na ukaninyamazia?"

"Nilikunyamazia. Hilo ndilo kosa langu. Lile la glavu nililitunga."

Norah anasema alitaka kuondoka. "Nilikuwa nimeshashika mkoba," anakumbuka. "Halafu nikafikiria, ningekuwa mimi, ningesema? Sijui. Kwa hivyo nikamwambia, dadangu, hilo ni kosa la mwaka, si la mwezi. Utanunua chai mpaka Krismasi." Meza nzima ikapasuka kwa kicheko, na Norah akaanza kuuliza maswali, kalamu mkononi.

Kwa Daktari Okinyi hakukuwa na kicheko. Habari zilipomfikia, alimwita meneja wake ofisini. Akasema alichokuwa nacho moyoni.

"Umempa jirani sufuria yetu na moto wake."

"Daktari," Kathini akamjibu, "kama wodi yetu inaishi kwa sababu ile ya Norah imekufa, basi hatujui kazi. Tumebahatika tu. Na bahati mimi siwezi kuisimamia."

Juni ukaingia. Madai ya Norah yakaanza kulipwa, na hakuna mama aliyevuka barabara. Mwangaza ilipata akina mama kumi na wanane, pungufu ya Februari, ila madai ya wote kumi na wanane yakapita. Kathini hakujua kama hiyo ingetosha. Katika wiki ya mwisho ya mwezi, fundi wa bomba akaja na futi yake, akasema ameitwa na Daktari kupima mahali pa kuweka sinki.

"Nilijua ni zile bedsita," anasema Kathini. "Sikuuliza kitu. Nilifungua droo nikaanza kutoa vitu vyangu. Nilishaamua kwamba wodi ikienda, naenda nayo, nitatafuta kazi mahali kuna uzazi."

Daktari Okinyi anasimulia kilichotokea juu, akitazama mikono yake. Alipanda na fundi, bado akiona kodi ya bedsita ingezidi mapato ya wodi. Alimkuta mama aliyejifungua usiku ule akiogea maji aliyopashiwa na Jacklyne kwa sufuria, amejikunyata nyuma ya pazia, huku shangazi yake akimshukuru muuguzi kama aliyepewa hoteli.

"Niliona haya," anasema. "Miaka yote nafikiria juu ya hivi vyumba, sijawahi kuwaza wanaoga wapi. Madai yalikuwa yanalipwa. Kathini alishafanya lake. Nilikuwa nimebaki na sababu gani?"

Akamwambia fundi aache habari za sinki. Palihitajika bafu la maji moto, na lianze siku hiyo hiyo. Kathini, aliyekuwa chini akifunga vitu vyake kwenye mfuko, alisikia nyundo ikigonga ukuta, akadhani wodi ndiyo inabomolewa. Alipopanda mbio akakuta Daktari ameshika bomba, fundi anatoboa, na akina mama watatu wamekaa vitandani wakitoa maelekezo ya bafu liweje.

Januari ijayo, Kathini anaanza masomo ya stashahada ya usimamizi wa huduma za afya, jioni mara tatu kwa wiki. Safari hii Daktari atalipa nusu ya ada. Chama nacho kinapanga kusajiliwa ili kifundishe mameneja wengine wa Eastlands, na Norah ndiye ameteuliwa kuandaa mafunzo ya kwanza.

Je, mfumo wa bima ukibadilishwa tena, na mashine hii ya vidole iwe takataka?

Kathini anacheka kabla swali halijaisha.

"Na utabadilishwa, wewe ngoja uone," anasema. "Wabadilishe. Nitakaa tena kwenye lile benchi niangalie mama anapita wapi. Huyo habadiliki. Atakuja na uchungu wake kwa miguu kutoka Mukuru, na akipanda hizi ngazi, nataka akute kitanda."