Siku Niliyogoma Kuhesabu Ng'ombe

Juzi nilimpeleka mtoto wa dada yangu kuandikishwa darasa la kwanza, hapa Nyansurura. Nilipochungulia dirishani niliona watoto wamekaa sakafuni, kila mmoja na vijiti vyake vya plastiki, vyekundu na vya kijani, wanahesabu kwa sauti. Nilisimama pale hadi mtoto akaanza kunivuta mkono. Rafiki yangu, siyo vijiti vilivyonishika. Ni ile sauti ya darasa zima likihesabu, inayopanda vizuri, inapotea njia kwenye kumi na sita, kisha inakutana tena kwenye ishirini.

Sisi hatukuwa na plastiki. Mwalimu wetu wa darasa la kwanza, dada mmoja mgeni aliyetoka mbali huko Kusini kwenye mikorosho, alituagiza vitu kila Ijumaa: vizibo vya soda, punje za mahindi, mabua ya mtama. Ikifika Jumatatu darasa linanukia kama ghala. Tulipima urefu wa ubao kwa mabua, tulifunga vijiti kumi kumi kwa kamba ya katani, na herufi tuliziandika kwanza mchangani kwa kidole kabla ya kugusa daftari. Nyumbani tulisema Kikurya, na ndimi zetu hazikuipenda L hata kidogo, kwa hiyo darasa lote lilihesabu moja, mbiri, tatu, huku Mwalimu akijifuta machozi ya kicheko kwa ncha ya kitenge.

Wiki mbili za vizibo nilizikosa kwa sababu ya malaria. Niliporudi, mdomo bado mchungu kwa dawa, nilikuta habari mbaya: asiyeweza kuhesabu hadi ishirini atarudishwa darasa la awali. Na huko awali alikuwako mdogo wangu, ambaye alikuwa bado anajikojolea. Niliona afadhali malaria.

Siku hiyo ilikuwa ya udongo. Tuliuchota kijitoni, mweusi, wa baridi, tukaambiwa kila mtu afinyange mnyama anayemjua. Sasa unadhani watoto wa Kikurya watafinyanga nini, twiga? Mkeka ulijaa ng'ombe. Wengine walikuwa na nundu kubwa kuliko kichwa, wengine pembe za miiba. Kisha Mwalimu akaanza kutuita mmoja mmoja mbele tuwahesabu.

Hapo sina budi nikueleze habari za Bibi, aliyenilea. Kila jioni, uji wa ulezi ukichemka jikoni, alisimama mlangoni mwa zizi akawatazama ng'ombe wakiingia. Hakuwahesabu hata siku moja. Siku niliyowanyooshea kidole mimi, moja, mbili, alinichapa kofi la mkono, kofi pekee ninalolikumbuka kutoka kwake. Ng'ombe hahesabiwi, alisema, ng'ombe hutazamwa. Ukimhesabu, umemwitia kifo. Kuhesabu nilijua basi. Nilihesabu viazi vitamu, vifaranga, kila kitu kisichokuwa ng'ombe wala mtu.

Nikasimama mbele ya mkeka, kimya. Wenzangu walikuwa wamehesabu bila shida. Labda kwao mwiko ule ulishachakaa, labda wao waliona udongo tu. Mimi niliona ng'ombe. Mwalimu aliuliza mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Huko nyuma mtu akasema huyu hajui. Kalamu ya Mwalimu ikashuka kwenye daftari kulitafuta jina langu, nami nikaangua kilio.

Akaiweka kalamu chini. Akachuchumaa mbele yangu, akaniuliza kwa nini sitaki kuhesabu.

"Watakufa, Mwarimu," nikasema.

Mgeni mwingine angecheka. Yeye aliuliza polepole, kama mtu anayetaka kujua kweli, "Sasa kwenu mnajuaje kama wote wamerudi?"

"Tunawatazama."

Akaniambia niwatazame vizuri, halafu nigeukie ukuta. Nilipogeuka tena nikawatazama kama Bibi anavyotazama, bila haraka, kutoka nyuma ya kundi kuja mbele. Nikamwambia hayupo yule aliyepasuka nundu, ndama wake pia hayupo, wala yule wa pembe moja. Mwalimu akawatoa watatu hao nyuma ya mgongo wake. Kisha akanipa kopo la vizibo, nimwekee kila ng'ombe kizibo kimoja miguuni. Nilipomaliza, akawaondoa ng'ombe wote akawapanga dirishani wakauke, mkekani vikabaki vizibo peke yake.

"Vizibo havifi," akasema. "Haya, hesabu."

Nikahesabu hadi ishirini na tatu.

Jioni nilimsimulia Bibi yote. Alikoroga ugali hadi ukaiva, kisha akauliza huyo mwalimu ni binti wa nani. Sikujua. Asubuhi alinipa kibuyu cha maziwa ya mgando, yale ya mgeni wa heshima, akasema nimpelekee huyo mwenye adabu.

Bibi ametangulia siku nyingi. Lilipokuwa zizi sasa ni shamba la mahindi, na ng'ombe wa majirani wanavaa hereni zenye namba masikioni, wala hakuna anayeogopa. Mwalimu alihamishwa kabla hatujafika darasa la nne, na sikuwahi kusikia alikoenda. Baadaye nilifundishwa na watu waliojua mengi kuliko yeye.

Lakini angeweza kuniambia siku ile kwamba hayo ya bibi yako ni ujinga. Ningehesabu, sina shaka, na siku hiyohiyo ningeanza kumwonea Bibi aibu. Nawafahamu watu waliofundishwa hivyo; wamesoma sana, na kwao hawaendi. Mimi sikurudishwa awali, na jioni nilirudi nyumbani nikiwa bado mjukuu wa Bibi. Kwa hilo, Mwalimu, popote ulipo, shikamoo.