Sala ya Sanduku Lisilotulia

Semahoro alikuwa mtu wa kushuku. Akinunua maziwa dukani Bailey Avenue, mjini Buffalo, huyanusa kabla ya kulipa, na akifika nyumbani huyanusa tena, kana kwamba ng'ombe angeweza kubadili nia njiani. Mkewe, Nyiramahirwe, alikwisha kuzoea. "Mwanaume wangu," aliwaambia wanawake wa kanisani, "hata malaika akimtokea, atamuuliza kwanza ametumwa na nani."

Kwa hiyo hakuna aliyeshangaa Semahoro alipopata kazi mahali pasipo na kibao mlangoni. Kilikuwa kiwanda kidogo huko Cheektowaga, nyuma ya uwanja wa ndege, rangi ya uji uliopoa. Ndani mlikuwa na chumba, ndani ya chumba mlikuwa na meza kubwa ya chuma, na kazi ya meza hiyo ilikuwa kutikisika. Juu yake walifunga sanduku, kubwa kama friza ya bucha. Na ndani ya sanduku hilo mlikuwa na silaha ya leza, mwanga wa kuunguza, uliotakiwa siku moja ufungwe kwenye helikopta ya jeshi.

Kazi ya Semahoro ilikuwa spana. Anafunga sanduku mezani, meza inatetemeshwa vile vile helikopta inavyotetemeka, kisha anafungua na kutazama nini kimelegea. Daima kulikuwa na kilicholegea.

Msimamizi wa chumba aliitwa Pawlak, mzee wa hapo hapo Cheektowaga mwenye masharubu na hasira fupi. Siku ya kwanza alimweleza. "Risasi ikishatoka imetoka. Huu mwanga sivyo. Lazima ukae pale pale, kwenye doa moja, mpaka kitu kiungue. Mwanga ukicheza kidogo tu, hujaunguza kitu. Umekipasha moto tu."

Na helikopta, jamani, haijui kutulia. Ina mapanga juu, ina injini, inatetemeka kama mtu mwenye homa aliyenyang'anywa blanketi. Walipoweka raba nene chini ya sanduku ili zimeze mtikisiko, sanduku likaanza kuyumba polepole kama mlevi mwenye heshima zake. Wakakaza, vioo vya ndani vikahama mahali pake. Tena leza yenyewe hutoa joto la kukaanga mandazi, kwa hiyo lazima kuwe na mabomba ya maji ya kuipoza. Maji ni mzigo. Mzigo ukizidi, helikopta inabeba mafuta kidogo, na ikibeba mafuta kidogo itafika wapi? Wakipunguza uzito, joto linapanda. Wakiziba huku, kunatoboka kule. Na hata wakishinda hayo yote, helikopta ikishuka karibu na ardhi hujipulizia vumbi lake yenyewe, na mwanga unaishia humo humo kwenye vumbi, kama jua linalopenya tundu la paa.

Kila mfanyakazi aliahidi kutosema neno nje. "Hata kwa mke," alisema Pawlak. Semahoro alifurahi. Hatimaye Amerika ilikuwa imempa kazi inayofanana naye.

Bon, basi. Kabla theluji haijaisha, Pawlak akawakusanya. Wenye mali wanakuja kutazama, alisema. Kama lile doa la mwanga ukutani litakuwa bado linacheza, chumba kitafungwa na wote waliomo watakwenda nyumbani. Semahoro alitazama doa. Lilikuwa linacheza ngoma ya harusi.

Aliyepanda gari la Semahoro kila siku ni Gisubizo, mwenzake wa chumba kile, kijana wa ukoo wa jirani kutoka milima ile ile ya Kivu ya Kusini, mwenye maneno mengi na simu isiyopumzika. Siku hiyo hata Gisubizo aliizima simu yake mpaka mtaa wa Kensington.

"Kaka," akasema wanapoagana, "sasa ni kuomba tu."

Wakaomba. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Jumatatu iliyofuata, mama wa usalama, mlinda siri za kiwanda, aliingia chumbani. Alikuwa mwanamke mwembamba asiyepepesa macho, na Semahoro alimheshimu kwa sababu hiyo.

"Kuna mtu amepiga simu ofisini kutoka Louisville," alisema. "Mwanamke. Lafudhi yake hatuijui. Amesema, 'Msiogope, mwanga wenu utatulia. Hatuli chakula mpaka utulie.' Kisha akacheka, akakata." Akawatazama mmoja mmoja. "Ningependa kujua mwanamke wa Louisville amejuaje kwamba kuna mwanga, na amejuaje kwamba hautulii. Aliyesema atajulikana. Na atatoka."

Semahoro akaiweka spana chini. Louisville! Gisubizo alikuwa na shangazi Louisville, Mama Veridiana, mzee anayefanya kazi ya kutunza wagonjwa na ambaye kicheko chake kingeweza kuangusha ukuta. Na namba ya ofisi alikuwa nayo. Gisubizo mwenyewe alimpa, kwa ajili ya shida za ghafla.

Wakati wa kurudi, Semahoro alimtazama kijana kwa jicho la pembeni.

"Shangazi yako hajambo?"

"Hajambo. Mbona unamuuliza leo?"

"Kumuuliza mtu hali ni kosa?"

"Kwako wewe? Miaka yote hujawahi kuuliza. Donc, kuna kitu."

"Hakuna kitu."

"Kaka, tazama njia. Taa ni nyekundu."

Siku mbili alimchunguza. Gisubizo akicheka na simu kantini, Semahoro aliona usaliti. Akishusha sauti, aliona usaliti mkubwa zaidi. Siku ya tatu mama wa usalama alimkuta kantini kwenye mashine ya kahawa na kumuuliza kama ameona lolote. Semahoro hakumtaja mtu kwa ubaya, la. Alisema tu kwamba Gisubizo anapenda simu, na kwamba ana shangazi Louisville. Akanywa kahawa yake.

Kabla ya shifti kuisha, Gisubizo alikuwa amevuliwa beji na kuambiwa asubiri nyumbani mpaka aitwe. Njiani alilia waziwazi, bila aibu, akisema hajui amefanya nini. Semahoro alimpa kitambaa. Moyoni alijiambia, mwizi naye hulia.

Jumamosi asubuhi ilikuwa siku ya maombi ya simu. Watu wa milima ile wametawanyika, wengine Louisville kwenye maghala, wengine Columbus, wengine Buffalo, basi Jumamosi wote hukutana kwenye simu moja. Na wanaomba kama wanavyoomba kanisani: wote pamoja, kila mtu kwa sauti yake yote. Ndiyo raha ya sala hiyo. Katika kelele zile unaweza kumwambia Mungu mambo yako yote, na jirani aliyekugusa bega asidake hata neno, kwa kuwa naye anapiga kelele zake. Ni siri iliyofunikwa na siri za wengine.

Maombi yalipokwisha, watu wakaanza kusalimiana. Nshombo wa Columbus, mpiga gitaa wa kwaya, akadakia:

"Kaka Semahoro! Ile sanduku yako imetulia?"

Semahoro aliiangalia simu kama imemng'ata. "Sanduku gani?"

"Aah! Ile ya helikopta. Yenye mwanga iko inacheza. Sisi tuko tunaiombea."

"Nani amekuambia habari za sanduku?"

"Wewe."

"Mimi?"

"Wewe mwenyewe, kaka. Kwenye maombi ya ile Jumamosi nyingine. Simu haipendi kelele, hujuwe? Watu wengi wakiongea pamoja, inamchagua mwenye sauti kubwa, wengine inawameza. Siku ile hatukusikia mtu mwingine. Ni weye tu, mwanzo mpaka mwisho. 'Bwana, raba zimeshindwa! Bwana, vioo vinahama! Bwana, tuliza ile mwanga kwenye helikopta!' Gisubizo hakuwa kwenye simu siku ile, lakini sisi wote tukanyamaza, tukasema, huyu ana mzigo."

"Na mimi nikafunga!" Sauti ya Mama Veridiana iliruka kutoka Louisville. "Mwanangu, nilifunga na wanawake wote wa huku. Nikapigia hata wakubwa zako, niwatie moyo! Walikuambia?"

Nyiramahirwe, aliyekuwa akikunja nguo, hakuinua kichwa. "Nilikuwa jikoni siku ile," alisema. "Ulilia kama mtu anayefukuza ndama kwenye mahindi. Nikajua mwenyewe unajua."

Semahoro alikaa chini. Kiwanda kizima, pamoja na mainjinia wake, kilikuwa kimeshindwa kushika mwanga mmoja utulie katikati ya mtikisiko. Simu ya bei rahisi ilikuwa imeshika sauti yake moja katikati ya kelele za miji mitatu, ikaituliza kila mtu aisikie. Na yeye, mwenye kunusa maziwa mara mbili, hakuwahi kuishuku simu.

Siku nzima alifikiria kunyamaza. Mama wa usalama tu ndiye aliyejua kantini alisema nini. Gisubizo ni kijana, atapata kazi nyingine. Lakini kila alipofika hapo, alisikia kile kilio ndani ya gari, na safari hii hakikufanana na cha mwizi.

Jumatatu alikwenda ofisini kwa mama wa usalama. Pawlak naye akaitwa. Semahoro alieleza yote: sala, simu, Mama Veridiana.

Mama yule alimwangalia vile Semahoro anavyoangalia maziwa.

"Unaniambia siri ya jeshi ilitoka kwa sala."

"Ndiyo, mama."

"Uliomba nini hasa? Kwamba silaha ifanye kazi, au isifanye?"

"Itulie. Chumba kisifungwe."

Pawlak alikohoa ndani ya masharubu yake. "Mimi nimeomba hilo hilo," alisema, "ila kwa Kipolandi, na polepole."

Haikumwokoa sana. Gisubizo alirudishiwa beji kesho yake. Semahoro hakufukuzwa, ila alitolewa chumbani na kuhamishiwa upande wa kufunga maboksi, mbali na meza. Spana yake alikabidhiwa Gisubizo, wenye mali wakiwa bado hawajaja na doa likiwa bado linacheza. Kijana naye alipewa sababu yote ya kusimamishwa kwake, na mama wa usalama si mtu wa kuacha neno. Alimwambia hata yale ya kwenye mashine ya kahawa.

Jumamosi iliyofuata simu ikaita tena. Safari hii Semahoro alizima maiki yake, akahakikisha, akahakikisha tena. Miji mitatu ikaanza kuunguruma. Kisha kelele zikakatika ghafla, simu ikachagua sauti moja, ya kijana, kubwa, iliyopangwa vizuri kama ya mtangazaji:

"Bwana! Uniokoe na rafiki anayenipa lifti! Uniokoe na anayeuliza hali ya shangazi!"

Louisville ikaitikia amina. Columbus ikaitikia amina. Jikoni, Nyiramahirwe naye akaitikia.

Jumatatu, Semahoro aliendesha polepole kwenye Bailey. Gisubizo alikuwa amesimama kituo cha basi, kofia mpaka kwenye nyusi. Semahoro akasimama, akashusha kioo, baridi ikaingia.

"Panda."

Gisubizo alitazama gari, akamtazama dereva, akatazama kiti cha nyuma kama mtu anayetafuta aliyejificha. Kisha akafungua mlango wa nyuma, akakaa huko, simu mkononi, maiki imezimwa.

"Twende," alisema. "Lakini kaka, usiniulize hali."