Siku Nilipomurudishia Munganga Vidonge Vyake

Vidonge nilivifunga vizuri katika kitambaa safi, nikaweka juu yake mayai sita. Sikutaka munganga aone kama tunamudharau. Alikuwa ametusaidia sana: mutoto wangu wa mwisho, binti pekee niliyebaki naye, alikuwa amerudia kulala na kula kwa ajili ya vidonge hivyo. Nikikumbuka namna nilivyokibeba kile kifurushi kwa mikono miwili, kwa heshima, ninaona haya mpaka leo.

Majina ya watu wote wa habari hii ninayo. Sikusoma sana, niliachia darasa la pili, lakini jina likiingia sikioni mwangu halitoki tena. Hapa sitaandika hata moja, kwa sababu wengi wao tuko nao hapa hapa mtaani Ndosho, tunaonana sokoni.

Binti yangu alianza kuugua tulipotoka kambini Mugunga, kule tulikokimbilia vita, na kupanga nyumba ya mbao huku. Alikuwa anasikia watu wanamuita barabarani. Anatoka, anaangalia, hakuna mutu. Akaacha kuoga, akaacha kuuza nguo zake sokoni, akawa anakaa tu anaangalia mulango. Watoto wake wawili wanamusemesha, hajibu. Tulimuombea kanisani siku tatu bila kula. Mama mumoja wa kikundi chetu cha maombi akaniambia tuendelee kuomba, lakini nimupeleke na lopitali, kuna munganga wa magonjwa ya akili.

Huyo munganga, wanaita psikiatre, ni muzee mupole mwenye mvi. Alimuuliza maneno mengi, akamupima damu na moyo, akaandika vidonge. Nilikuwa ninamupa mimi mwenyewe, asubuhi na jioni. Mwezi haukuisha, sauti zikapungua. Siku moja binti yangu akasema anataka kula sombe, yale majani ya muhogo. Nilienda kulia nyuma ya nyumba ili asinione.

Halafu muzee akatuambia binti aanze kuonana na mwenzake wa kazi wa chumba cha pili, mara moja kila juma.

Hapo ndipo nilipokosea, na hakuna aliyenituma. Kwetu, kule kwenye vilima vya Masisi, mugonjwa hashiki wanganga wawili. Ukitoka kwa munganga wa majani ukaenda kwa mwingine, yule wa kwanza unamurudishia dawa zilizobaki, na zawadi kidogo, ili asiudhike na ili dawa zisigombane tumboni. Mama yangu alifanya hivyo nilipokuwa mutoto mwenye homa. Alipanda mulima muzima na kuku mukononi.

Mwenzake huyo alikuwa mama kijana, psikologe. Chumba chake kilikuwa na viti viwili, meza na dirisha. Hakuna sindano, hakuna kile chombo cha kusikiliza moyo. Walikaa ndani muda murefu, mimi kwenye benchi nje. Walipotoka nikaangalia mikono ya binti yangu: mitupu. Nikamuuliza yule mama dawa iko wapi.

"Mimi sitoi dawa, mama," akasema. "Sisi tunazungumza."

Nilishangaa mpaka nikasahau kumuaga. Watu wote pale walimuita dokta, sawa na muzee. Njiani nikafikiri, nikafikiri tena, nikaona hivi: munganga anayeponya bila dawa, huyo anapita wengine. Kumbe muzee amemukabidhi mugonjwa kwa mukubwa wake. Kesho yake nikapeleka kifurushi. Muzee hakuwapo, nikakiacha kwa mulinzi wa mulango, nikamuomba amushukuru kwa niaba yetu. Mulinzi akayaangalia mayai, akaniambia niende na amani.

Jioni binti yangu akauliza vidonge. Nikamujibu, "Yule mama ameshakupokea, hivyo vingine tumeachana navyo." Akaenda kutandika kitanda. Alikuwa ananiamini.

Siku za kwanza sikuona ubaya. Halafu akaanza kuangalia mulango tena. Nikajisemea labda dawa za zamani zinatoka mwilini. Juma halijaisha, siku moja saa sita mchana, mimi niko nyuma ninatwanga sombe, watoto wakarudi kutoka shule wakakuta mulango wazi. Mama yao hayumo. Jirani akasema amemuona anapita na viatu mukononi, hakuitika salamu.

Nilikimbia na kitenge kimoja tu. Niliuliza wenye pikipiki kona kwa kona mpaka mumoja akasema ndiyo, mwanamuke anayetembea bila viatu, ameelekea Mugunga. Alinipeleka. Njia nzima nilikuwa ninaomba kwa sauti.

Tulimukuta pale hema yetu ilipokuwa zamani, amesimama juu ya mawe meusi, jua kali, miguu inatoka damu. Alikuwa anaita majina. Nikatega sikio: alikuwa anaita majirani zetu wa kambi, hema kwa hema, kwa mupango wake, bila kuruka hata mumoja. Wengi wao tuliwazika. Sikuwahi kujua kama na yeye anayashika majina namna yangu.

"Mama, wako wapi?" akaniuliza. "Wananiita tangu asubuhi."

Nikataja mimi jina la mwenye hema iliyofuata. Akageuka. Akataja la baada yake. Nikamushika mukono, nikataja lingine, naye lingine, hivyo hivyo mpaka akakubali kupanda pikipiki katikati yangu na dereva. Njiani tuliendelea kutajiana majina ya wafu, na mwenye pikipiki hakugeuza shingo.

Lopitalini muzee mwenye mvi alimupokea mwenyewe. Akaniuliza vidonge anakunywa namna gani. Nikamuambia, "Si tulikurudishia, muzee? Na mayai."

Akafungua kabati, akatoa kitambaa changu, bado na fundo langu.

"Ni wewe?" akasema. "Mulinzi aliniambia tu ni mama muzee. Siku zote hizi ninauliza ni mugonjwa gani hapa aliye bila dawa, hakuna anayejua."

Mimi ninayejua jina la kila mutu, sikuacha jina letu. Nilikaa chini kwenye sementi.

Akamuita yule mama psikologe. Walipoingia chumba kimoja wakasalimiana na kuinamia fishi moja, karatasi ya binti yangu, nilishangaa mara ya pili. Nilidhani wanaogopana. Yule mama akapiga magoti mbele yangu, akashika mikono yangu.

"Mama, mimi sikusomea vidonge. Hata nikitaka kuviandika, hawatanikubalia. Yeye alisoma udaktari wa mwili muzima kwanza, ndipo akasoma wa akili. Vidonge vyake vinatuliza zile sauti. Mimi ninakaa na binti yako juu ya yale aliyoyaona. Yeye akiondoka, mimi peke yangu siwezi."

Kwa hasira ya kujichukia nikaanza kuwauliza wote mumoja mumoja: na wewe unafanya nini hapa? Infirmié, yaani muuguzi, akasema yeye ndiye anaangalia kama vidonge vinamukaza mutu mwili ao vinamuletea usingizi mubaya. Pembeni alisimama musichana mwenye jile ya buluu, ile koti isiyo na mikono, ninamujua, alikuwa anakuja kwetu kila juma na kalamu. Akasema kazi yake ni kutembelea wagonjwa nyumbani, asistanti wa kijamii. Mimi siku zote nilimuhesabu kama mutu wa kuandikisha msaada. Kila akiuliza binti analala je, mimi ninamuonyesha bati linalovuja.

"Mama, hilo bati ninalijua kuliko nyumba yetu," akasema. Hata muzee alicheka. Mimi sikuweza.

Binti yangu alilazwa pale. Sauti hazikunyamaza haraka kama mara ya kwanza. Kila siku niliogopa kwamba nimemupoteza kwa adabu yangu, kwamba safari hii hatarudi. Nilikuwa ninamuletea chakula, anakula kidogo bila kuniangalia.

Asubuhi moja muuguzi alimupa kidonge, akakinywa na maji, akafungua kinywa ili nione kama kimeingia, namna mutoto anavyofanya. Halafu akaniangalia machoni.

"Mama. Munganga ulimupelekea mayai mangapi?"

"Sita."

"Na mimi niliyekuwa mugonjwa, hukunipa hata moja."

Nilitoka mbio mpaka kwa mama anayeuza mayai ya kuchemsha nje ya lopitali. Chenji yangu niliisahau kwake.