Mama Raba na Fundi Aliyeingia Mitini

Pale kliniki ya wajawazito hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Mama Raba, kwa sababu ya raba zake nyeupe alizozisugua kila Jumamosi kwa mswaki mkuukuu, na kwa sababu miguu yake haikujua kutulia. Hakuwa muuguzi wala daktari. Alikuwa mama anayeishi na virusi vya UKIMWI mwaka wa kumi na sita sasa, mwenye watoto wawili wasio na virusi, na kazi yake ilikuwa kukaa na wanawake wenye hali kama yake: kuwaelekeza namna ya kumeza vidonge bila kukosa, kuwasindikiza chumba cha vipimo, na kuwachekesha wakitaka kulia.

Kazi aliijua, tena alijua kwamba anaijua. Wajawazito hawakumsumbua. Mwenye mimba humwambii mara mbili, alisema. Kwa ajili ya kilichomo tumboni atameza hata msumari. Waliomuumiza kichwa ni waliomaliza. Mtoto akishaachishwa ziwa, na kipimo chake cha mwisho kikishaonyesha yuko salama, faili la mama lilihamishiwa jengo la pili, kliniki ya watu wazima wote. Kati ya majengo hayo kulikuwa na uwanja wa hatua sitini hivi. Katika hatua hizo sitini wanawake walikuwa wakiyeyuka.

Wa karibuni alikuwa fundi cherehani mmoja. Siku jibu la mwisho la mwanawe lilipotoka, fundi alicheza kwenye korido mpaka mlinzi akaja kuchungulia, na Mama Raba akacheza naye. Miezi minne baadaye Mama Raba alivuka kwenda jengo la pili kuulizia watu wake, kama alivyofanya kila mwisho wa mwezi bila kutumwa na mtu. Karani akapekua, akatikisa kichwa. Faili la fundi halijaguswa. Simu yake haipatikani.

"Huyo kaingia mitini," karani akasema.

"Basi mimi nazijua njia za humo," Mama Raba akajibu.

Alizijua kweli. Alipomwachisha ziwa mtoto wake wa kwanza, naye alijiona amemaliza kazi, akaacha dawa. Kifua kikuu kilipomkamata, dada yake alimbeba mgongoni hadi hospitali kama anayebeba kapu tupu.

Fundi aliwahi kumruhusu amfuate kazini ikibidi, kwa sharti moja: asije na sura ya kliniki. Kwa hiyo kesho yake Mama Raba akachukua kitambaa cha maua kilichokuwa kikikaa bure sandukuni, akaingia kwenye chumba cha mafundi. Cherehani tatu, sakafu imejaa vipande vya nyuzi, na mwenye duka, mwanamke wa mdomo usiochoka, amesimama anapiga pasi. Fundi alipoinua macho, uzi ukamkatikia sindanoni.

"Nataka gauni," Mama Raba akasema kwa sauti ya mteja mgumu. "Unipime vizuri, la mwisho lilinibana."

Wakaingia nyuma ya pazia. Fundi akamzungushia utepe kiunoni.

"Dada, sisi hatujambo," akanong'ona. "Mtoto amepona."

"Mtoto hakuwahi kuumwa. Ulimkinga mwenyewe. Mimi nimekuja kukuulizia wewe."

Fundi akauachia utepe uning'inie.

"Hakuna aliyewahi kuniuliza mimi," akasema. "Kule kwenu ilikuwa mtoto ana kilo ngapi, mtoto ananyonyaje. Alipotoka salama, mimi nikawa nani tena? Nilivuka uwanja mara moja. Nikakaa kwenye benchi asubuhi nzima, hakuna anayenijua. Halafu nikamwona jirani yangu anaingia. Nikainuka, nikaondoka."

"Na dawa?"

"Zikaisha. Nikajiona mbona sijambo, nashona kama kawaida."

"Na mimi nilikuwa sijambo, mdogo wangu. Miezi kumi na minne sijambo. Wa kumi na tano sikuweza kunyanyua kikombe."

"Jamani!" mwenye duka akaita kutoka nje. "Kupima kiuno tu ndiyo muda wote huo?"

"Kinatafutwa!" Mama Raba akajibu. "Bado hakijapatikana!"

Vicheko vikalipuka nje. Fundi naye akacheka, machozi yakimtiririka, akajifuta kwa kile kitambaa cha maua.

"Nitarudi," akasema. "Lakini peke yangu sivuki."

"Nani kakwambia utavuka peke yako? Alhamisi, saa mbili asubuhi, getini."

Alhamisi akaja, mtoto kiunoni. Wakavuka pamoja. Hakuna aliyemgombeza. Alitolewa damu, akazungumza na daktari, akaanzishiwa dawa upya.

Lakini Mama Raba hakuridhika. Siku hiyohiyo alibisha hodi kwa sista mkuu.

"Sista, tunawalea mpaka mtoto yuko salama, halafu tunawaachia mlangoni."

"Sina mtumishi wa ziada, Mama Raba. Unajua."

"Sikuombi mtumishi. Nakuomba Alhamisi, na kile chumba cha mizani mbovu."

Sista akamtazama, akajua huyu hatoki bila jibu. Akampa miezi sita ya majaribio. Mizani ikatolewa, mabenchi yakaingia. Kila mama aliyemaliza kunyonyesha angekuja siku hiyo moja na wenzake, akapata dawa zake humohumo, hadi atakapojisikia tayari kuvuka.

Kwenye orodha ya waliomaliza walikuwa kumi na mmoja. Alhamisi ya kwanza walikuja saba. Wanne waliobaki Mama Raba akawafuata mmoja mmoja: wawili walirudi, mmoja alikuwa amehama mji akaunganishwa na kliniki ya huko, na wa nne alimfungia mlango.

Baada ya miezi mitatu damu ya fundi ilipimwa. Virusi havikuonekana kwenye kipimo, dawa zilikuwa zimevidhibiti. Safari hii hakucheza. Alilisoma jibu mara mbili, akauliza mwenyewe tarehe ya kurudi, kisha akaenda kukaa karibu na mama mmoja mgeni aliyeng'ang'ania mkoba wake karibu na mlango. "Habari yako wewe?" akamwuliza. "Ya mtoto utanipa baadaye."

Yule aliyefunga mlango bado hajarudi. Mama Raba hupita kwake kila baada ya wiki mbili, humsalimia, huulizia hali yake, huondoka. Mara ya mwisho mwanamke yule alifungua, akatoa kiti nje, akasema, "Kaa, basi, upumzishe miguu." Mama Raba akakaa.