Tulivyokinywesha Kilima cha Gesti

Enzi zetu, nyie wenzangu mliokulia kando ya ile barabara ya udongo kati ya Kasulu na Kibondo, safari haikuwa na saa ya kufika. Ilikuwa na siku, tena siku yenyewe ilitajwa kwa adabu: "Mungu akipenda, tutaonana Alhamisi." Leo kijana anaondoka Kibondo asubuhi, chai anakunywa Kasulu, na basi likisimama kidogo watu wachimbe dawa anapiga simu nyumbani kulalamika kwamba amekwama. Amekwama! Ningependa kumwonyesha kukwama, ila sitaki kumwonea. Hakuchagua kuzaliwa baada ya lami.

Kijiji chetu kiko juu ya kilima ambacho madereva walikiita Gesti, kwa sababu msimu wa mvua lori likifika pale mtu alilala, atake asitake. Udongo wetu mwekundu ukilowa unateleza kama sabuni. Lori lilipanda hadi kwenye kona, likanguruma, likarudi kinyumenyume kwa aibu, kisha likazama hadi tumboni. Sisi watoto tulijua kwa mngurumo tu kama ni la chumvi linalotoka Kasulu au la maharage linalotoka Kibondo. Tulikimbia nyumbani tukipiga kelele, "Limekaa! Limekaa!" na kijiji kizima kikawasha moto.

Nakumbuka harufu zile: matawi mabichi yaliyosagwa na magurudumu, dizeli, maharage ya Mama yakichemka na mawese. Kulikuwa na ugali wa muhogo, dagaa, ndizi za kuchoma. Abiria walishuka kutoka juu ya magunia wakiwa wekundu tangu miguuni hadi kwenye nyusi. Mama aliwapa maji ya kunawa, akawalisha, akawatandikia mikeka. Naandika hivi ili haki itendeke: tuliwatunza vizuri. Bati la nyumba yetu lilitoka kwenye tope lile, na nadhani hata madaftari yangu. Kwa haki hiyohiyo niseme kwamba lori la chumvi likikaa kwetu, Kibondo walikula mboga zisizo na chumvi. Wao nao ni watu. Ila sisi hatukuwaona wakila.

Sasa nije kwenye lile ambalo sijui kama nilipaswa kuliandika. Mimi niliishia darasa la saba, huenda wenye elimu wana namna nzuri zaidi ya kulisema. Mvua ikikata siku mbili tatu, kilima kilikauka, na malori yakapita bila hata kutusalimia. Hapo mama zetu walituambia, "Nendeni mkakinyweshe." Kila mtoto alibeba dumu lake, akateka maji mtoni, akayamwaga kwenye kona, tukakoroga kwa miguu huku tunaimba. Hakuna aliyesema ni vibaya. Ilikuwa kazi ya nyumbani, kama kufagia uwanja. Na kulikuwa na sheria moja: lori halisukumwi kabla halijala. Wanaume walikuja na majembe, wakalizunguka, wakatikisa vichwa. "Hili, mpaka kesho." Labda wengine waliamini kweli. Siwezi kuwasemea wote.

Mwaka ninaoukumbuka ni ule dada yangu Skolastika alipochaguliwa kwenda sekondari Kasulu. Barua ilisema aripoti mwisho Ijumaa saa kumi jioni, akichelewa nafasi yake atapewa mwingine. Alitangulia Kibondo kwa mjomba, anunuliwe sanduku la bati na kushonewa sare, kisha Alhamisi apande basi moja kwa moja hadi Kasulu. Alhamisi basi lilipita kweli. Tulilipungia mikono hadi likapotea, na Mama akajifuta machozi kwa ncha ya kanga.

Ijumaa asubuhi jua lilikuwa kali. Mama aliinjika maharage, akanitazama, akatazama barabara iliyokauka. Sikusubiri aseme. Nilimwaga madumu matatu.

Saa tano hivi likaja lori la maharage la Sefu, dereva mtu wa Tanga aliyekuwa amelala kwetu mara nyingi kuliko mjomba. Likapanda, likanguruma, likakaa. Juu ya magunia, akiwa amekumbatia sanduku la bati, alikuwa Skola.

"Mwakeye, Mama," alituamkia kwa Kiha, kwa sauti ndogo. "Basi la jana lilijaa, wakaniacha."

Mama alisimama na upawa mkononi. Sefu aliruka chini akicheka. "Shemeji! Siku tatu hakuna mvua, Gesti inalowa yenyewe? Haya, leta ugali."

"Sefu, ukitoka sasa hivi unafika Kasulu saa ngapi?"

"Nikitoka sasa hivi, saa tisa. Lakini nani kashawahi kutoka hapa sasa hivi?"

Mama aliweka upawa chini, akajifunga kanga kiunoni, akawageukia wanaume waliokuwa wakija polepole na majembe yao. "Leo halili!"

Wakaduwaa. Mmoja akauliza, "Hata chai?"

"Hata maji!"

Nyie, sijaona kazi kama ile. Mawe yalitoka nyuma ya nyumba, yamepangwa vizuri, ambayo kila siku tuliambiwa hayapo. Mbao zikatoka. Kamba ya katani ikatoka. Akina mama walisukuma, watoto tulisukuma, na lori lilifika juu kabla maharage ya Mama hayajaiva. Sefu alichungulia dirishani, akatutazama mmoja mmoja.

"Kumbe mnaweza?"

Skola aliinama kutoka juu ya magunia, akatazama miguu yangu iliyokuwa na tope hadi magotini. Alikuwa amekua na dumu kama mimi.

"Umemwaga mangapi?"

"Mawili," nikasema.

Alifika saa tisa na nusu, akapokelewa. Sefu naye alifika, na kila dereva wa Kasulu akasikia. Tangu siku ile, tukisema "mpaka kesho" walitucheka, wakatuuliza mawe yako wapi. Watu hapa wanailaumu lami kwa kuua biashara yetu. Kwa haki, ilianza kufa ile Ijumaa, nasi wenyewe ndio tuliosukuma.

Juzi Skola, ambaye sasa ni mwalimu Kibondo, alikuwa anakwenda Kasulu. Nilisimama barabarani na ndizi za kuchoma nimpe dirishani. Basi likapita vuu! Simu ikalia.

"Mdogo wangu, nimefika hapo Gesti... aa, nimeshapita."

"Skola, yalikuwa matatu."

"Nini?"

"Madumu."

Alicheka hadi nikasikia abiria wenzake wakiuliza kuna nini. "Nilijua," alisema. "Hata mimi ningesema mawili."

Barabara ni nzuri. Naandika tena nisije nikasahau kwamba nimekiri: barabara ni nzuri, na chumvi Kibondo haikatiki. Ndizi nilizila mwenyewe. Dumu langu ninalo bado. Siku hizi namwagilia mchicha kando ya lami, mchicha mzuri kabisa, ambao hakuna anayeshuka kuuona.