Kodi ya Mgeni Buyenzi

Wiki hii, katika duka la vitenge mtaani Buyenzi, mama mmoja Mzungu aliyekuwa anarudi kwao kwa sababu ya vita alimwomba mwenye duka risiti. Kwao, alieleza, mgeni akiionyesha uwanja wa ndege anarudishiwa kodi ya vitu alivyonunua.

"Apana, madamu. Huku uwanja wa ndege hawarudishi kitu," alisema mwenye duka, mzee wa kofia. Akachukua mkasi, akamkatia kipande cha nyongeza. "Mi nakurudishia hapa hapa."

Mgeni akakiweka begani, akacheka. "Lakini kinatosha mkono mmoja tu wa blauzi!"

"Mkono wa pili utakuja kuuchukua vita ikiisha."

Nchi za watu humrudishia kodi mgeni anayeondoka. Mzee huyu ndiye wa kwanza niliyemwona akimtoza kodi ya kurudi Buyenzi.