Koti Nililomvisha Zuhura Jukwaani

Zamani kule Malindi mama alinizaba kofi kwa kwenda arusini na kaptula iliyochanika. Tangu hapo matambara siyawezi. Basi juzi, huku Marekani, nimetoka mjini kwangu Katy mpaka Dallas, mgongo umekufa garini, nimtazame mjukuu wangu Zuhura. Kundi lao la wanafunzi linacheza ngoma za watu weusi, naye mwaka mzima kafanyia mazoezi kucheza peke yake mbele. Akatokea, gauni limeraruka! Damu ikanichemka. Nikapanda jukwaani, nikamfunika koti langu, nikamfokea mwalimu wao:

“Huna haya? Mtoto wa watu unamvisha matambara?”

Muziki ukazimwa.

“Babu, shuka, please!” Zuhura analia. “Tunaigiza mabibi waliochuma pamba utumwani. Ndivyo walivyovaa! Umeniharibia!”

Hasira yote ikanigeukia mwenyewe, mjinga mkubwa. Nikashuka, nikatoka, na ukumbi ule sitaukanyaga tena.